UZI: Brussels kwa siku tatu: usafiri, chipsi, Matonge, Tervuren na mitego yake

#1 Mzee wa Tramu

Wadau, swali ni lile lile kila wiki: nina siku tatu Brussels, nianzie wapi? Majibu nayo ni yale yale: Grand-Place (uwanja mkuu wa kale), Manneken Pis (kasanamu ka mtoto anayekojoa), chokoleti, kwisha habari. Ukifuata hayo, saa sita mchana ya siku ya kwanza umemaliza, tena umemaliza kipande kidogo tu cha mji. Mkoa wa Brussels ni manispaa 19 zilizobanana, kila moja na meya wake na soko lake, na utamu uko huko kwenye manispaa.

Naanza na uwanja wa ndege maana hapo ndipo pesa ya kwanza inapotea bure.

Viwanja ni viwili. Kimoja kiko Zaventem, karibu na mji. Kingine kinaitwa "Brussels South Charleroi" na kiko zaidi ya kilomita 50 kusini. Tiketi za bei ya kutupa mara nyingi hutua Charleroi. Basi la kutoka huko hadi stesheni ya Midi huchukua kama saa moja, kwa hiyo jumlisha nauli hiyo na muda huo kabla hujashangilia bei.

Ukitua Zaventem, treni iko chini ya jengo la abiria, ghorofa ya -1. Kwenye mashine chagua stesheni inayoitwa "Brussels Airport-Zaventem". Usichague "Zaventem" peke yake, hiyo ni stesheni ya mji mdogo wa jirani. Tiketi ya uwanjani ina nyongeza yake ndani, na mageti ya pale yanasoma msimbo wa tiketi. Ukiwa na ya Zaventem tupu geti halifunguki, utarudi kwenye foleni na masanduku yako. Safari mpaka katikati ya mji ni kama dakika 20. Treni hupita Nord, kisha Central, kisha Midi.

Majina: kila kitu kina jina la Kifaransa na la Kiholanzi. Midi ni Zuid, Nord ni Noord. Ukipanda treni ya kwenda miji mingine, ukishaingia upande wa Wabelgiji wanaosema Kiholanzi matangazo ya Kifaransa yanakatika. Liège inakuwa Luik, Mons inakuwa Bergen, Tournai inakuwa Doornik. Mtu yuko stesheni ya huko anasubiri kusikia "Mons", treni inamwacha.

Metro, tramu na basi za mjini ni za shirika moja, STIB kwa Kifaransa, MIVB kwa Kiholanzi. Huhitaji kununua tiketi, gusisha kadi ya benki au simu kwenye mashine. Gusa moja inakupa dakika 60 za kubadilisha magari, na ukizunguka siku nzima makato yana ukomo wa siku. Ila lazima uguse tena kila unapobadili gari, hata kama dakika zako hazijaisha.

#2 Binti Kariakoo

Mkuu, familia ya watu wanne wanaweza kugusa kadi moja mara nne?

#3 Mzee wa Tramu

Hapana dada. Kadi moja mtu mmoja. Na jambo ambalo wengi hawalijui: kadi ya plastiki na kadi hiyo hiyo iliyomo kwenye simu zinahesabiwa kama kadi mbili. Ukiingia metro kwa simu, halafu kwenye tramu ukagusa plastiki, umelipa safari mbili, na mkaguzi akikagua ile simu hataona gusa ya mwisho. Chagua kimoja asubuhi, baki nacho mpaka usiku.

#4 Mwana wa Forodhani

Natia neno kuhusu Grand-Place, maana watu wanapiga picha wanaondoka bila kujua wanatazama nini.

Mnara wa jengo la manispaa una mita 96. Agosti 1695 majeshi ya Louis XIV wa Ufaransa, chini ya Jemadari Villeroy, yaliupiga mji mizinga siku tatu, na mnara ule ndio ulikuwa shabaha yao. Nyumba za kuzunguka uwanja zikaungua karibu zote, mnara ukabaki umesimama. Zile nyumba za dhahabu unazoziona zilijengwa upya ndani ya miaka michache baadaye, kila chama cha mafundi na wafanyabiashara kikishindana na mwenzake kwa mapambo. Simama katikati ya uwanja uutazame mnara: hauko katikati ya jengo, bawa moja ni refu kuliko jingine.

Nenda mara mbili. Saa moja asubuhi, magari ya kushusha mizigo yakiwa bado yapo na watalii hawajaamka, na tena usiku taa zikiwashwa. Mchana ni msongamano mtupu. Katikati ya Agosti, miaka inayogawanyika kwa mbili, uwanja hutandikwa zulia la maua.

Manneken Pis: kasanamu ka sentimita 55 hivi, ka 1619, kazi ya Jérôme Duquesnoy mzee. Kenyewe hasa kako ndani ya makumbusho ya mji, kwenye jengo linaloitwa Maison du Roi pale pale uwanjani. Kale ka barabarani ni nakala. Mpe dakika nne, usimpe tano.

Na vile vichochoro vya Rue des Bouchers, wahudumu wanakuvuta mkono mlangoni: ukiona samaki ameandikwa "bei kwa uzito", au karatasi ya vyakula haina bei, salimia upite.

#5 Fundi Karai

Chipsi niachieni mimi.

Kwanza, kibanda chake kinaitwa fritkot kwa watu wa Brussels, friterie kwa Kifaransa. Viazi vinavyosifika ni aina ya Bintje, vya unga unga ndani. (Ndiyo, viazi ulaya vikiwa kwao.) Hukatwa unene wa milimita 10 hadi 13. Vikiwa vyembamba zaidi, mafuta yanafika mpaka katikati na unakula ganda tupu.

Hukaangwa mara mbili, na hapo ndipo siri ilipo. Mara ya kwanza mafuta ya nyuzi 150 hivi, dakika 5 mpaka 6. Lengo ni kuivisha ndani, kisibadilike rangi. Vinatolewa, vinapumzishwa nusu saa au zaidi mpaka vipoe na mvuke utoke. Mara ya pili nyuzi 175 hadi 180, dakika 2 mpaka 3. Sauti ya karai ndiyo saa: mwanzoni panakuwa na mchemko mzito, maji yakiisha juu ya kiazi sauti inakuwa nyembamba na kavu. Hapo toa, kung'uta, tia chumvi papo hapo.

Makosa ya wanaojaribu nyumbani:

Kuweka viazi kwenye friji. Baridi inageuza wanga kuwa sukari, vinakuwa vyeusi nje kabla ya kuiva ndani, na uchungu kidogo.

Kujaza karai. Joto linaanguka, viazi vinakunywa mafuta. Kama una lita 3 za mafuta, usizidishe nusu kilo kwa mara moja.

Kutovikausha baada ya kuosha. Maji yanavuruga joto na mafuta yanarukaruka.

Kibandani omba pakiti ndogo. Ndogo yao inamshibisha mtu mzima. Bei ni kati ya euro 4 na 6, sosi inalipiwa mbali. Andalouse ni ya nyanya na pilipili hoho, samouraï ndiyo yenye ukali. Place Jourdan kuna Maison Antoine, kipo tangu 1948. Baadhi ya migahawa ya pembeni inakuruhusu ukae na chipsi zako mradi uagize kinywaji, angalia tangazo mlangoni.

#6 Mama Twaha

Kaka Fundi, hujasema zinakaangwa kwa mafuta gani. Wengine ndilo swali letu la kwanza.

#7 Fundi Karai

Umenishika dada, hilo nilipaswa kuanza nalo. Asili ya chipsi za Ubelgiji ni mafuta ya ng'ombe, yanaitwa blanc de bœuf. Ndiyo yanayotoa ile harufu. Ng'ombe huyo kwa kawaida si wa kuchinjwa kihalali, kwa hiyo hata ukiagiza viazi vitupu bado swali lipo. Uliza hivi: "Graisse de bœuf ou huile végétale?" Vibanda vingi siku hizi vinatumia mafuta ya mimea, ila usikisie kwa rangi.

Jambo la pili ni karai lenyewe. Fricadelle (soseji ya nyama ya kusaga) na boulette (donge la nyama) mara nyingi zina nguruwe, na huzama kwenye mafuta hayo hayo. Mimea au si mimea, karai limeshachanganyika. Njia rahisi ni vile vibanda vya Wamoroko na Waturuki vilivyoandikwa halali, vimejaa Molenbeek, Anderlecht, Schaerbeek na kuzunguka Midi.

Mitego mingine ya karatasi ya vyakula: "américain" kwenye mkate ni nyama ya ng'ombe ya kusaga MBICHI iliyochanganywa na viungo. Carbonnade ni nyama iliyochemshwa kwenye bia. Kome hupikwa mara nyingi na mvinyo mweupe. Kwa anayekula, sufuria ya mtu mmoja ni kilo nzima au zaidi na maganda yake, ganda tupu la kwanza ndilo koleo la kutolea mengine, na kome lililobaki limefumba baada ya kupikwa usilipasue, liache.

#8 Mkatanga

Jambo bandugu. Munaongea Brussels munaruka Matonge, mutaa wa Wakongo? Ngoja miye niongeze. (Kiswahili ni cha Lubumbashi, musinicheke.)

Panda metro 2 ao 6, shuka Porte de Namur. Toka Central unachukua 1 ao 5 mpaka Arts-Loi, unabadilisha. Ukitoka nje tu, uko mulangoni. Jina limetoka kwa mtaa wa Matonge wa Kinshasa, na yote ilianza na wanafunzi wa Kongo waliopangishwa nyumba huku karibu na mwaka 1960. Barabara za kupita ni tatu: Chaussée d'Ixelles, Chaussée de Wavre, na Rue Longue Vie ile ya kutembea kwa miguu yenye migahawa. Kati kati kuna Galerie d'Ixelles, maduka ya vitambaa na saluni.

Lugha ya pale ni Kifaransa na Lingala. Kiswahili kiko, watu wa Goma, Bukavu, Lubumbashi, Bujumbura, lakini usikingojee mulangoni. Na maneno yanateleza:

Sombe yetu, kisamvu yenu, pale inaandikwa pondu ao saka-saka. Bukari, ugali, inaandikwa fufu. Madesu ni maharagwe. "Mikate" si mikate! Ni vidonge vya unga vya kukaanga, jamaa ya kalimati bila shira. Ntaba ni mbuzi wa kuchoma, anakuja amekatwa katwa na kitunguu na pilipili, unamula na chikwangue, muhogo uliovundikwa ukafungwa majani, ukali kidogo kama uji wa kuchacha. Liboke ni samaki ndani ya majani juu ya moto. Uliza kama ni majani kweli ao karatasi ya aluminiamu, maana utamu wote uko kwa majani.

Usiende saa sita mchana ukiwa na njaa kali. Liboke haina haraka. Agiza, zunguka maduka, rudi.

Saluni: vijana wanasimama njiani wanaita wateja. Ukikubali kufuata, patana bei mbele ya kukaa kwa kiti, na useme wazi bei iko na nywele za kusukia ao bila. Hapo ndipo ugomvi wote unatoka.

#9 Mwana wa Forodhani

Mkatanga, Kiswahili chako kimenyooka, endelea. Naunganisha hapo hapo Porte de Namur.

Pale mlangoni kuna Square Patrice Lumumba, ilizinduliwa 30 Juni 2018. Usitarajie uwanja mkubwa, ni kipande cha njia chenye kibao. Kutoka hapo tembea dakika chache kufuata barabara kubwa ya mzunguko hadi Trône. Utamkuta Leopold II, mfalme wa Ubelgiji aliyeimiliki Kongo, juu ya farasi, sanamu ya 1926. Watu hupiga picha ya farasi. Wewe tafuta kibao kwenye msingi wa sanamu, kinasema shaba na bati za sanamu hiyo zilitoka Kongo ya Wabelgiji, zikatolewa bure na kampuni ya madini ya Haut-Katanga. Kati ya kibao cha Lumumba na kile hamna hata kilomita moja. Kwangu hiyo ndiyo matembezi bora ya mji huu, na hayana kiingilio.

Siku ya pili panda kwenda Tervuren, makumbusho ya Afrika. Metro 1 kuelekea Stockel, shuka Montgomery. Angalizo: 1 na 5 zinakwenda njia moja mpaka Mérode, halafu zinaachana, na 5 haifiki Montgomery. Montgomery tramu 44 inaanzia chini ya ardhi, usitoke nje kuitafuta. Inapita kandokando ya msitu wa Soignes mpaka mwisho wa njia, kisha unatembea kidogo. Jumatatu wamefunga. Tenga saa tatu.

Jengo la zamani ni la 1910. Lilifungwa miaka mitano, likafunguliwa upya Desemba 2018. Sasa unaingilia kwenye jengo la vioo na kupita chini ya ardhi, ambako kuna mtumbwi wa mita 22.5 wa mti mmoja. Usipite mbio. Ghorofa ya juu tafuta ukumbi wenye majina 1,508 ya Wabelgiji waliofia Kongo, yamechongwa ukutani. Ng'ambo yake Freddy Tsimba, msanii wa Kinshasa, ameandika majina ya Wakongo kwenye vioo vya madirisha. Jua likitoka, vivuli vya majina hayo vinaangukia juu ya yale ya ukutani. Siku ya mawingu huoni kitu, kwa hiyo chagua saa yenye jua, jambo ambalo Brussels ni kubahatisha.

Majina hayo ni ya nani? 1897 Wakongo 267 waliletwa kwenye maonyesho ya Tervuren, wakawekwa kwenye vijiji vya bandia bustanini ili watu wawatazame. Kiangazi kile kilikuwa cha baridi na mvua. Saba wakafa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange. Makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren, mwendo mfupi kutoka makumbusho. Wengi wanarudi na tramu bila kuyafikia.

#10 Mkatanga

Na mumuambie mwenye kuenda Atomium: maonyesho ya dunia ya 1958, yale yaliyojengewa Atomium, pia yalikuwa na kijiji cha Wakongo nyuma ya uzio. Watu waliwatupia ndizi. Kwa picha Atomium ni nzuri, mipira tisa, mita 102, metro 6 mpaka Heysel. Lakini ujue umesimama wapi.

#11 Mama Twaha

Jumapili msikose soko la Midi. Linazunguka stesheni yenyewe, asubuhi mpaka kama saa saba mchana. Fika saa tatu ukitaka kuchagua, fika saa saba kasoro ukitaka bei ya kumalizia, wanaanza kupiga kelele kreti nzima kwa euro moja au mbili. Angalieni lakini, kreti hiyo ni ya kupikwa leo leo, chini pamelainika.

Tafuteni foleni ya msemen. Ni chapati ya Kimoroko, ya mraba, imekunjwa tabaka tabaka, inajazwa jibini, zeituni na asali, pamoja na chai ya nananaa. Foleni ndefu ndiyo alama, haihitaji jina. Simu na pochi mbele, mkoba wa mgongoni ugeuzwe kifuani.

Kwa chakula cha Waturuki nendeni Chaussée de Haecht, Schaerbeek. Familia nyingi za pale asili yao ni mji mmoja tu, Emirdağ. Wamoroko na Waturuki waliitwa kwa mikataba ya kazi ya 1964, migodini na viwandani, na watoto na wajukuu wao ndio wenye mabucha na mikate ya leo. Agizeni lahmacun, mkate mwembamba wenye nyama ya kusaga juu, kamulia limau, tia kotmiri, kunja.

#12 Binti Kariakoo

Asanteni. Nina mzigo wa ndugu: dagaa, nyama kavu, maembe, nazi. Vinapita?

#13 Mzee wa Tramu

Dada, ruhusa zinatofautiana kwa kila kimoja. Nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya havipiti, hata robo kilo, hata vimekaushwa. Vitanyang'anywa. Samaki wanaruhusiwa kwa matumizi binafsi mpaka kilo 20 kwa mtu, kwa hiyo dagaa wakavu sawa, ila fungia mara tatu kwa heshima ya mizigo ya wenzio. Nazi, ndizi, nanasi na tende zinapita bila cheti. Embe linahitaji cheti cha afya ya mimea. Huna cheti, acha nyumbani.

Viza: ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari, ada euro 90 kwa mtu mzima, bima isiyopungua euro 30,000. Kama mwenyeji wako wa Brussels ndiye atakayekugharamia, aende manispaa yake akashughulikie fomu ya dhamana iitwayo annexe 3bis. Barua ya mkono ya "huyu ni dada yangu nitamlisha" haisimami badala yake. Manispaa 19 maana yake kaunta 19 zenye kasi tofauti, kwa hiyo aanze mapema.

#14 Binti Kariakoo

Na la mwisho, chokoleti za kurudi nazo Dar zitafika?

#15 Fundi Karai

Inategemea. Pralines, zile zenye kitu ndani, Jean Neuhaus alizianzisha 1912 pale Galerie de la Reine, na nyingi zina krimu. Za krimu hudumu wiki mbili tatu tu, na hazipendi kuvuka nyuzi 18. Nyingine zina pombe ndani, uliza kabla ya kufungiwa. Kwa Dar chukua vipande vya chokoleti nyeusi visivyo na kitu ndani, weka katikati ya nguo kwenye begi la mkononi. Ukifika usikimbilie friji: unyevu unatua juu na sukari inatoka kama vumbi jeupe. Ikibidi friji, funga kwenye chombo kisichopitisha hewa, na ukitoa usifungue mpaka kipate joto la chumba.

Ukitaka kitu kisichokuhangaisha, nunua speculoos. Biskuti zina mdalasini, haziyeyuki, na zinakwenda vizuri na chai ya rangi.

#16 Binti Kariakoo

Nafika Ijumaa, naondoka Jumatatu jioni. Jumatatu nifanye nini kama makumbusho yamefungwa?

#17 Mzee wa Tramu

Atomium hufunguliwa kila siku. Lakini kabla ya hapo, asubuhi, nenda gulio la vitu chakavu Place du Jeu de Balle, mtaa wa Marolles, lipo kila siku mpaka saa nane mchana. Shukia pale Poelaert, mbele ya lile jengo kubwa la mahakama lililokaa miaka mingi limezungukwa na vyuma vya mafundi, kuanzia miaka ya 1980. Kuna lifti ya vioo ya bure inakushusha mpaka Marolles. Jengo hilo lilipojengwa, 1866 hadi 1883, watu wa mtaa walibomolewa nyumba, na tangu hapo neno "architek" kwa kilugha chao ni tusi. Usiwaambie unasomea ujenzi. Na begi lako liache kwenye makabati ya stesheni, magurudumu hayapatani na mawe ya mtaa ule.